Guangzhou bila kubeba sufuria: tambi za kuvuta kwa mkono, pilau la Xinjiang na wali wa chungu

Wadau mnaokwenda Guangzhou, China, kufunga mzigo leo naongelea msosi, manake bado naona watu wanabeba jiko la umeme la wali kwenye begi, na dona, na dagaa waliofungwa kwenye magazeti, alafu wakifika wanapika chumbani hotelini madirisha yamefungwa, au kila mlo wanakwenda kwenye migahawa ya kiafrika pale Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kula ugali na samaki kwa yuan 50 na kuendelea. Sina ugomvi na ugali na wale dada zetu wanaopika kule wanapika vizuri, siku ukiumwa au umechoka na nchi ya watu nenda kabisa. Ila kila siku? Yuan moja ni zaidi ya shilingi 300 za kwetu, piga mwenyewe hesabu ya milo miwili kwa siku wiki nzima uone umekula piece ngapi za mzigo wako. Na kibaya zaidi unakuwa umeishi kwenye moja ya miji inayokula vizuri kuliko yote duniani bila kuonja chochote, na mtaa huohuo unaolala, hatua chache kutoka lifti ya hoteli, kuna bakuli la tambi la yuan 15 hivi linaloweza kukubeba kutoka asubuhi mpaka jioni ukizunguka sokoni.

Nianze na hizo tambi manake ndio moyo wa habari yote hii. Haya maduka yameandikwa Lanzhou lamian, yapo China nzima na Guangzhou ndo usiseme, kila mtaa una moja. Lanzhou ni mji mkuu wa mkoa wa Gansu kule kaskazini magharibi, mbali sana na Guangzhou, na wenyewe wa kule wanasema bakuli lao lilianza na Ma Baozi, Muislamu wa kabila la Wahui, mwaka 1915. Ila wenye maduka unayoyaona mjini wengi wao sio wa Lanzhou, ni Wahui wa Hualong, mkoa wa Qinghai, watu waliotoka vijijini milimani kuja kutafuta maisha, baba anavuta unga, mama yupo kwenye sahani, shemeji kwenye jiko, mtoto anafanyia homework meza ya mwisho. Watu wa Lanzhou hawapendi kabisa kusikia hayo maduka yanatumia jina la mji wao, wanasema sio yenyewe. Mimi ninachojua ni kwamba yule baba anaamka kabla ya alfajiri, na ukipita saa nne usiku bado kasimama palepale na unga mkononi, na kwa sisi Waislamu duka lake ni halali na kwa wote ni duka safi la bei poa, kwahiyo namheshimu sana.

Kuyatambua: zamani mabango yao mengi yalikuwa na maandishi ya Kiarabu, miaka ya karibuni sehemu nyingi yameondolewa, kwahiyo usitafute Kiarabu ukikosa ukaondoka. Zikariri hizi herufi mbili tu, 清真, zinatamkwa qingzhen, ndo halali yenyewe, mara nyingi zipo kwenye ubao wa kijani juu ya mlango. Wanaume ndani wana kofia nyeupe, wanawake wamefunga kichwa, pombe haiuzwi, na ukutani kuna mapicha makubwa ya vyakula na namba zake. Ukiingia toa salamu. Assalamu alaykum ile yetu ya kawaida. Watakujibu kwa lafudhi yao na uso unabadilika hapohapo, nimeona wazee wakitoka jikoni kuja tu kumuangalia mgeni aliyesalimia, na hapo hata kama hujui neno moja la Kichina ushapata wenyeji.

Sasa angalia wanavyotengeneza, kaa meza ya karibu na jikoni usikae nje na simu yako. Unga wa ngano, maji, chumvi, na kitu wanaita penghui, zamani ilikuwa majivu ya mmea wa jangwani na sasa hivi ni unga wa dukani, aina ya magadi, ndo unaofanya tambi ivutike bila kukatika na iwe na ule ugumu mzuri ukiitafuna. Donge linakandwa sana, linapumzishwa, linapakwa mafuta. Ukiagiza tu jamaa anachukua kipande, anakinyoosha mikono miwili, anakunja katikati, ananyoosha tena, anakunja, na kila mkunjo idadi inakuwa mara mbili, mbili nne nane kumi na sita, ukifika mkunjo wa 8 ana nyuzi 256 mkononi kutoka kwenye donge moja na hakuna kisu kilichopita. Anapiga ubao paa! anakata kichwa cha donge anatupa kwenye sufuria la maji yanayochemka, dakika haiishi sana zimeiva. Toka umekaa mpaka unakula ni muda mfupi kuliko kusubiri chipsi mayai kwetu.

Na hapa ndo watu wetu wengi wanapopoteza raha, wanaonyesha picha wanakula wanachopewa. Upana wa tambi unachagua wewe! Mwembamba kabisa wa unywele unaitwa maoxi, wa kawaida xi, mnene kidogo erxi, bapa mwembamba wa jani la kitunguu jiuye, bapa mpana kuan, na mpana kupita kiasi upana wa mkanda dakuan. Usipochagua unapewa xi na sio mbaya. Mimi nasema erxi kwa supu, sina mjadala, manake maoxi inaloa haraka ukichelewa kidogo inalegea ukifika chini ya bakuli ni uji, na ile mipana inakataa kushika pilipili vizuri kwenye supu nyepesi. Ila kwa tambi kavu za rojo chukua kuan. Mtu mmoja nilimfundisha hilo neno moja tu erxi akawa anasema hajawahi kula tambi kumbe, na duka lilelile alikuwa anakula kila siku.

Bakuli lenyewe likija wana kanuni ya rangi tano: supu iwe safi inayoonekana chini, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu ya kijani, tambi ya manjano. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe na viungo vingi ndani, onja kwanza ikiwa tupu kabla ya kumwaga kitu. Duka likiwa la ukweli supu inakuja na harufu ya nyama na kauchungu kadogo ka viungo kwa nyuma, na unaona macho madogo ya mafuta juu. Kuna maduka wanakoroga unga wa supu wa pakiti, utalijua palepale manake ladha inapiga mbele kwa nguvu alafu inapotea na kiu inakushika nusu saa baadae. Hilo usirudi, kuna lingine ng'ambo ya barabara.

Mezani kuna siki nyeusi, kuna kopo la pilipili ya mafuta, na mara nyingi kuna vitunguu saumu vibichi vipo vipo tu. Siki tia kwanza, kijiko, usiogope rangi yake, inaiamsha supu yote. Pilipili yao haichomi kama mbuzi zetu, inanukia zaidi kuliko kuwasha, watu wa Tanga na Pemba mtaweka vijiko vitatu na mtaomba vingine. Kitunguu saumu wenyewe wanamenya wanatafuna kibichi kila baada ya matonge kadhaa ya tambi, na inaendana kweli, ila kama una kikao na msambazaji baada ya hapo subiri.

Lawama yangu kubwa ni nyama. Yaani nyama ni kidogo jamani. Vipande vyembamba vya kuhesabika, unaona mwanga upande wa pili, na bei ya bakuli imepanda miaka hii na nyama haijaongezeka. Suluhisho ni kusema jia rou, ongeza nyama, unalipia yuan kadhaa, au jia dan, ongeza yai, ambalo ni la kuchemsha kwenye sosi ya soya au la kukaanga inategemea duka. Kina baba wenye mwili mkubwa semeni jia mian, ongeza tambi, kwenye maduka mengine nyongeza hiyo ni bure au karibu na bure. Lawama ya pili ni meza, saa ya mchana zinakuwa na mafuta, tembea na tishu zako manake hawaweki au wanauza. Na ya tatu, sauti, wanapiga kelele za oda, watoto wanakimbia, simu zinaimba video, ukitaka utulivu hapo sio mahali pake.

Ukichoka supu duka hilohilo lina maisha mengine marefu. Wali wa kukaanga na yai, dan chaofan, bei ileile ya tambi au chini kidogo, unakuja mlima na kibakuli cha supu pembeni, hiyo ndo namba moja kwa wageni wapya ambao tumbo bado linawaza nyumbani, watoto wanaipenda pia. Kuna chaomianpian, vipande vya tambi vya mraba vidogo vya kukaangwa na nyanya na pilipili hoho na nyama, ladha yake iko karibu sana na makaroni ya nyama tunayopika nyumbani, na mimi naona ndo chakula kinachodharauliwa kuliko vyote kwenye yale mapicha ya ukutani. Kuna gaijiao fan, wali na mchuzi juu, chagua wa ng'ombe na viazi. Na mkiwa watu watatu wanne agizeni dapanji, sinia la kuku aliyekatwakatwa na mifupa yake, viazi, hoho, pilipili kavu nyekundu, mchuzi mzito mwekundu, na mkishakula kuku nusu wanaleta tambi pana wanamwaga humohumo kwenye mchuzi. Bei inakimbilia yuan 70, 80, huko, mkigawana ni kitu kidogo. Asili yake Xinjiang, mkoa wa mbali kaskazini magharibi mwa China. Nimekaa meza moja ya dapanji na watu wa Mombasa, Lubumbashi na Kariakoo na kwa dakika kumi hakuna aliyeongea.

Na tukishafika Xinjiang tuongelee wali, manake najua mnachosubiri. Wauyghuri wa Xinjiang wana pilau. Pilau kabisa, wao wanaita polo na Wachina wanaita zhuafan. Nyama ya kondoo yenye mafuta inakaangwa kwenye sufuria kubwa ya chuma, vitunguu, alafu karoti nyingi, lakini nyingi kweli, za manjano na za rangi ya machungwa, zimekatwa vijiti, mchele juu, maji, inafunikwa inaiva kwa mvuke polepole. Wengine wanaweka zabibu kavu. Ukilinganisha na la kwetu viungo ni vichache mno, hutakuta mdalasini na iliki na karafuu zinazotangulia mbele, utamu wote unatoka kwenye karoti na mafuta ya kondoo na mchele unang'aa haushikani. Mtu wa kwanza kuniambia niende alikuwa Mzanzibari, na Wazanzibari kwenye pilau sio watu wa kusifia ovyo. Nikikadiria bei ni yuan 20 mpaka 35 kwa sahani inategemea ukubwa wa pande la nyama juu, na wanakupa kachumbari ya karoti au kabeji ya siki pembeni. Kwangu mimi, karibu na Xiaobei, pesa nzuri kuliko zote unazoweza kutumia kwenye wali ni hiyo, kula mchana sio usiku, manake mchana sufuria ndo limefunguliwa na usiku unapewa la chini lililokauka.

Migahawa hiyohiyo ya Xinjiang wana laghman, tambi nene za kuvuta, mchuzi wa kondoo na nyanya na hoho na maharage mabichi unakuja pembeni au juu. Wana mishikaki ya kondoo ya bizari nyembamba na pilipili. Wana mkate wa tanuri wa duara, ule nang, mgumu, chovya kwenye mchuzi.

Ijumaa ndo siku yenyewe. Msikiti wa Xianxian, upande wa Jiefang Bei, pale ambapo panaheshimiwa kwa kaburi linalosimuliwa kuwa la Sa'd ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, watu wanajaa mpaka bustanini, Wachina, Waarabu, Wapakistani, Waafrika wa kila nchi, na baada ya swala nje kuna wauzaji wa vyakula, mishikaki, mikate, pilau. Utasikia Kiswahili mgongoni kwako kabla hujavaa viatu vizuri. Kama umefika mjini peke yako na hujui mtu nenda pale Ijumaa, utakula na utapata na wa kukuelekeza wapi pa kupata kontena la kuchangia. Chukua chakula mkononi tafuta kivuli.

Haya, sasa vyakula vya wenyeji wa Guangzhou wenyewe, Wakantoni. Hapa nitenganishe mapema ili mtu asije kunilaumu: vyakula vyao vingi vina nguruwe, hata pale ambapo huioni, supu ya tambi za wonton, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, inachemshwa na mifupa ya nguruwe na samaki mkavu na zile wonton ndani ni kamba na nguruwe. Waislamu hapo tupite. Wakristo na wengine mnaokula, hamtajuta, tambi za yai nyembamba ngumu kidogo, bakuli dogo, na ndo hivyo wanavyotaka wenyewe, liwe dogo ule haraka kabla tambi haijaloa.

Ila kuna kitu kimoja cha Kikantoni ambacho nakipigania kila mtu akile, wali wa chungu, baozai fan. Chungu kidogo cha udongo cha mtu mmoja, mchele mrefu mwembamba wa kusini, maji, kinawekwa motoni, wali ukianza kukauka juu ndo wanapanga vitoweo, kinafunikwa, kinazungushwa zungushwa motoni kila upande upate moto, mwisho wanamwaga sosi ya soya tamu pembeni na kinaletwa mezani kinalia chaaa. Na chini kuna ukoko! Ukoko wa dhahabu, mwembamba, unaovunjika, sio mweusi. Wakantoni wanaupenda ukoko kuliko wali wenyewe, wanagombania watoto na wazee, duka linahukumiwa kwa ukoko wake. Sisi watu wa pwani tuliokua tunakwangua sufuria la pilau la shughuli tukifukuzwa na kina bibi, jamani huu ndo mji wetu. Usichimbe mara moja kikifika. Mwaga sosi, funika dakika mbili tatu, kula wali wa juu na kitoweo kwanza, ukoko utakuwa unaachia wenyewe chini, malizia nao na kijiko cha chuma.

Cha kawaida ni cha soseji kavu, lapmei, hiyo ni nguruwe. Kwa asiyekula kuna kuku na uyoga, kuna nyama ya ng'ombe ya kusaga na yai bichi juu linaloivia humo, kuna samaki. Sasa ukweli wake ni kwamba duka lenyewe sio halali na sufuria na visu ni vilevile, kwahiyo kila mtu na anavyosimama na dini yake, mimi nasema tu nilichoona ili uamue ukiwa unajua. Baridi ya Desemba na Januari ndo msimu wake, Guangzhou haina theluji ila ile baridi ya unyevu inaingia kwenye mifupa na vyumba havina joto, na chungu hicho kinakutoa ubaridi wote. Subira inahitajika, dakika 20 na zaidi, ukiona kimekuja dakika tano ujue wali ulishapikwa kwenye jiko la umeme ukahamishiwa humo, hamna ukoko hapo, na ukiuona ni mweusi mchungu. Bei ya yuan 20 na kitu, 30 na kitu.

Haraka haraka vingine. Tambi pana nyeupe za mchele, hefen, ambazo kwa jina jingine zinaitwa shahe fen kwa sababu zimetokea Shahe, mtaa wa wilaya ya Tianhe hapohapo Guangzhou. Wanakaanga na nyama ya ng'ombe kwenye moto mkali mpaka zinashika harufu ya moshi, niuhe wanaita, na fundi mzuri hakati hata tambi moja na sahani haibaki na dimbwi la mafuta. Kama unakwenda soko la nguo la Shahe asubuhi na mapema, na lile soko linaanza usiku kabisa, utakuta watu wanakula hizi na mikokoteni inapita pembeni. Changfen ni za asubuhi, karatasi laini ya unga wa mchele ya mvuke, inakunjwa na yai au ng'ombe au kamba ndani, sosi juu, yuan chache tu. Uliza kilichomo ndani kabla. Na kuna wale wa wali na miguu ya nguruwe, zhujiao fan, wapo kila kona ya mji, harufu inavutia na picha inaonekana nyama ya kawaida tu ya kahawia, Waislamu wageni wengi wanaponea hapo chupuchupu, herufi ya kuikwepa ni 猪.

Maneno ya kubeba mdomoni, mengine tumia simu itafsiri: niurou mian ni tambi za ng'ombe, bu yao la sitaki pilipili, shao la pilipili kidogo, bu yao zhurou sitaki nguruwe, dabao nifungie niondoke nayo. Mwenye duka muite laoban, anapenda.

Kulipa ni simu. Kwenye meza kuna kile kialama cha mraba unaskani, menyu inafunguka, unachagua unalipa hapohapo. Toka 2023 Alipay na WeChat, app zao za kulipia, zimelegeza sana, unaunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya kwetu, ifanye ukiwa nyumbani kabla ya safari manake meseji ya kuthibitisha inakuja kwenye laini yako ya Tanzania na ukishafika kule laini haishiki vizuri unahangaika. Noti wanapokea, tembea na noti ndogondogo, ya 100 asubuhi inawapa shida ya chenji na wanaanza kukimbia duka la jirani.

Nimalizie na pa kuogopa. Msimu wa Canton Fair, ule wa Aprili na Mei na ule wa Oktoba na Novemba, maonyesho haya ya biashara yapo toka 1957 na mji unajua wageni wanakuja na pesa, kuna sehemu karibu na mahoteli makubwa zinatoa menyu ya Kiingereza yenye picha zilezile za tambi na bei mara mbili na zaidi ya ile ya ukutani. Kuna mgahawa mmoja sitautaja, karibu na hoteli waliyofikia wenzangu, tuliletewa menyu ya wageni, meza ya pili Wachina wana ya kwao, tambi zilezile. Tukaskani wenyewe kialama cha mezani bei ya kweli ikatoka, tukaagiza kwa hiyo na hawakusema kitu. Kwahiyo kataa karatasi, skani. Au toka nje, ingia uchochoro wa nyuma mita mia tu, fuata madereva wa bolt zao na vijana wa kupeleka vifurushi wanapoegesha pikipiki saa sita mchana, hao wanakula kila siku kwa pesa yao ya jasho na hawana muda wa kula kibaya.

Alama zangu basi: lamian ya erxi na nyongeza ya nyama 8 kwa 10, ingekuwa 9 wangeacha ubahili. Pilau la Xinjiang la mchana 9. Wali wa chungu, ukiwa na ukoko, 10 na simpunguzii mtu. Chaomianpian 8 nayo naomba muijaribu kwa ajili yangu. Wanaokwenda Foshan kwenye fanicha za Lecong maduka ya lamian yapo pia, na mnaokaa Yiwu, ule mji mwingine wa masoko ya jumla, nyie ndo mniambie nani anapika laghman nzuri huko maana mwezi ujao nashukia huko na sina mwenyeji.